Kanisaidia njiani, hasara kaibeba peke yake: nimshukuru vipi bila kuzua maneno?

Assalaam alaykum, Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mwanamke mwenye mume na watoto, nakaa Fuoni na kazi yangu iko mjini. Kwetu ni Makunduchi. Mama bado yuko huko, kwa hiyo mwisho wa wiki huenda kumtazama, nikarudi Jumatatu alfajiri ili niwahi kazini.

Jumatatu moja ya masika haya, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na barabara ilikuwa inateleza. Nilikuwa nimeshapita Kitogani, sijafika Pete, kima wakakatisha mbele yangu. Nikashika breki, gari ikaacha lami na kuingia mtaroni. Sikuumia, alhamdulillah. Lakini tairi la mbele lilipasuka, na gari ilikuwa imeinama hata mlango wangu ukawa unafunguka nusu tu. Mume wangu wiki hiyo alikuwa Pemba kikazi. Daladala za 310, za Makunduchi, zilipita, abiria wakachungulia, wakaenda zao.

Aliyesimama ni bwana mmoja wa Kizimkazi. Namjua kwa salamu tu: tulisoma skuli moja, yeye akiwa madarasa ya mbele, na dada yake ameolewa jirani na kwetu. Ana kigari cha kubebea samaki. Hununua pweza na samaki kwao, akawapeleka mnadani Darajani asubuhi.

Shangazi, mtu yule hakuniuliza hata neno moja la kuniumbua. Aliniuliza kama nimeumia, akanitaka nikae mbali na barabara, kisha akakata matawi akayaweka barabarani pande zote mbili ili madereva wapunguze mwendo. Akatoa kamba ya nanga. Nilidhani ataifunga kwenye bampa, kumbe alilala chini kwenye tope akatafuta ndoana ya chuma chini ya gari, akaniambia bampa ingetoka yote. Akaokota makumbi ya nazi akayashindilia chini ya matairi ili yasizunguke bure. Vijana wawili waliokuwa wakipita na baiskeli wakaja kusukuma. Gari ikatoka. Akabadilisha tairi, akaona redieta inavuja, akanivuta pole pole mpaka kwa fundi Tunguu, na hapo hakuondoka mpaka fundi alipoanza kazi. Ilikuwa imeshapita saa nne. Wakati wote huo nilikuwa naona maji ya barafu yakichuruzika nyuma ya kigari chake.

Jioni nilimpigia mume wangu Pemba nikamweleza yote. Akamwombea yule bwana dua nyingi, akanambia nimtumie chochote. Nikatuma shilingi 50,000 kwa simu. Hazikukaa saa moja, zikarudi, na ujumbe: "Sikufanya biashara, dada. Mshukuru Mungu umesalimika."

Ingeishia hapo ningekuwa na raha. Lakini wale waliopita kwenye daladala, ambao hawakusimama, walikuwa na wakati wa kusimulia. Habari zilifika Makunduchi kabla mimi sijafika kazini: fulani kaonekana msituni alfajiri na mume wa mtu. Ikafika Kizimkazi kwa mke wa yule bwana. Ikamfikia na mume wangu aliporudi. Yeye hakunituhumu, lakini amebadilika. Nikimtaja yule bwana hujibu kwa mkato: "Yule katenda wema kenda zake. Mwache. Hata Qur'ani imesema wanaotenda kwa ajili ya Mungu hawataki malipo wala shukrani."

Kisha dada yake yule bwana, yaani jirani yetu, akanieleza jambo jengine. Siku ile mnada ulimpita. Barafu ilikuwa imekwisha, pweza aliuza kwa bei ya kutupa na samaki wengine aliwamwaga. Na mali ile haikuwa yake: alichukua mali kauli kwa kina mama wa kwao wanaochokoa pweza. Mpaka leo hajamaliza kuwalipa. Yeye hakuniambia, na dada yake amenikataza nisimjulishe kwamba najua.

Mama yangu anasema nipeleke halua yaishe. Mume anasema nimwache. Mimi silali vizuri nikijua kuna kina mama wanadai fedha zao kwa sababu yangu. Nikituma pesa atarudisha. Nikienda mwenyewe nitawapa watu la kusema. Nikikaa kimya nitakuwa mtu gani? Nifanye nini, Shangazi?

Msomaji wako, Fuoni, Unguja

SHANGAZI ANAJIBU

Waalaykum salaam, mwanangu. Marahaba. Pole kwa ajali, na alhamdulillah umetoka mzima.

Nianze na neno la mumeo, maana amelisimamishia juu ya aya na methali, na vyote viwili ni vya kweli. Methali inasema tenda wema nenda zako. Na aya ipo, Sura Al-Insan, aya ya 9, inawasifu wanaolisha masikini wakisema hawataki kwao malipo wala shukrani. Lakini tazama nani anasema. Ni mtendaji. Ni yeye ndiye anayetakiwa aende zake, asingoje, asisimange. Yule bwana ameyatimiza hayo kwa ukamilifu: karudisha pesa zako na kaficha hasara yake. Mtendewa ana amri yake nyengine. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Na katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Nasai amesema anayewafanyieni wema mlipeni, na msipopata cha kumlipa basi muombeeni dua mpaka muone kuwa mmemlipa. Kwa hiyo mumeo kachukua wajibu wa yule bwana akautumia kufuta wajibu wenu nyinyi. Hilo mweleze kwa upole, wakati ametulia, si mbele ya watoto wala wageni.

Lakini mimi sidhani kwamba kinachomzuia mumeo ni aya. Mwanamme amerudi safari akakuta mke wake aliingia mtaroni yeye hayupo, mwanamme mwengine kalala topeni kwa ajili yake, na watu wameshalitia jambo hilo chumvi. Hata kama hana shaka nawe, na kwa ulivyoeleza naona hana, kitu hicho kinauma. Kila ukimtaja yule bwana kwa sifa, yeye anasikia kwamba hakuwepo. Basi usimwambie "twende tukamlipe". Mwambie: "Mume wangu, mimi siwezi kumshukuru mwanamme wa watu peke yangu ikapendeza. Nataka wewe ukanishukurie." Hapo umempa nafasi yake. Shukrani hii ni yake kuitoa, kwa sababu aliyesaidiwa ni nyumba yake.

Na hii ndiyo sababu naamini zile 50,000 zilirudi. Mwenyewe ulizituma kwa nia njema na mumeo alijua, lakini yeye alichokiona kwenye simu yake ni pesa kutoka kwa mke wa mtu, bila salamu ya mume. Angezipokea, halafu mkewe akaiona ile meseji, angejibu nini? Alijistiri na wewe akakustiri. Usitume tena kwa simu, hata ukiongeza kiasi.

Nendeni Kizimkazi nyinyi wawili. Nendeni alasiri, jua bado lipo, baraza zina watu, na gari muiegeshe mbele ya nyumba. Apige hodi mumeo. Chukueni na mtoto mmoja. Maneno yaliyopita kwenye daladala hayahitaji kujibiwa na mtu mmoja mmoja. Ukianza kumweleza huyu na yule utakuwa unayatembeza wewe mwenyewe. Watu wakimuona mumeo amekaa barazani na yule bwana wanakunywa kahawa, kitabaki nini cha kusema? Na wale abiria, mwanangu, niseme wazi, wamenikera mimi zaidi kuliko walivyokukera wewe. Kumuona mwanamke kakwama barabarani alfajiri ya mvua, usishuke hata kumuuliza kama kaumia, kisha ukafika kijijini na hadithi! Kama mmoja wao anasoma hapa, ajue kwamba alikuwa na nafasi ya kuondoa fitina hiyo kabla haijazaliwa: angeshuka, wangekuwa wengi pale, na lisingekuwepo la kusimulia.

Katika barua yako kuna mtu umemtaja mara moja tu ukapita, naye ni mke wa yule bwana. Kwangu mimi ndiye wa kwanza. Mume wake kachelewa, kaja nguo zimejaa tope, mali imeharibika, pesa ya nyumba haipo, na juu ya hayo kapelekewa uvumi. Yeye kabeba sehemu ya msaada uliopewa wewe, na hakuna aliyemwambia ahsante. Wakati waume wako barazani, wewe ingia ndani kwake. Mwite dada. Mweleze mwenyewe ilivyokuwa, kuanzia kima mpaka kwa fundi, asikie kwa mdomo wako. Mwambie mumewe alikuweka mbali na barabara kabla ya kugusa kamba. Mke akisikia sifa ya mumewe kutoka kwa mwanamke aliyestiriwa naye, huwa ni zawadi inayokaa.

Zawadi ya mkononi pia mpelekee yeye, si mumewe. Halua ya mama yako ni nzuri, na mama akiweza kuja nanyi ni bora zaidi. Ongeza sukari na unga kidogo, na doti ya kanga. Ila kanga hiyo isome jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla hujalipa. Unajua kwetu kanga inavyosema, na mwanamke aliyekwisha kupelekewa maneno ataisoma kabla hajaikunjua. Tafuta yenye dua au ya kushukuru. Ukiwa na wasiwasi hata kidogo na jina, iache, chukua nyengine.

Sasa tufike kwenye fedha, maana hapa ndipo usingizi wako ulipopotelea, na una haki.

Kuna vitu viwili ambavyo umevichanganya, na yule bwana pia amevichanganya kwa utu wake. Kuna wema: kusimama, kulala topeni, kukuvuta mpaka Tunguu. Huo hauna bei, na akisema hataki malipo yake, msimlazimishe. Halafu kuna hasara: petroli, na mali iliyoharibika. Hasara hiyo haikuwa yake peke yake. Mali kauli ni mali ya watu. Wale kina mama wanashuka pwani bamvua, maji yakitoka mbali, na mchokoo mkononi, wanatembea juu ya miamba na majongoo ya bahari wamepinda migongo mpaka maji yarudi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Pweza wa bamvua hiyo alipoharibika, aliyeachwa mkono mtupu ni mama anayesubiri nyengine ije. Yule bwana anaweza kukusamehe wewe haki yake. Ya wale kina mama hana mamlaka ya kuisamehe, naye analijua hilo, ndiyo maana anawalipa kidogo kidogo.

Kwa hiyo pesa mtakayopeleka isiitwe ahsante. Iitwe pweza. Mumeo aiweke mkononi mwake mwanamme kwa mwanamme, na aseme kwa ufupi: "Wema wako tumemwachia Mungu akulipe, sisi hatuuwezi. Hii ni mali ya watu iliyoharibika kwa ajili yetu, tafadhali iwafikie wenyewe." Asizidishe hotuba. Mtu muungwana akipewa maneno marefu hupata pa kukatalia.

Utaniuliza, na siri ya dada yake je? Siri umeambiwa usitoe kwamba yeye amekusimulia. Usimtaje. Lakini hasara yenyewe ulikuwa na macho ya kuiona: uliona maji ya barafu yakichuruzika, na kila mtu Unguja anajua mnada wa samaki ni wa asubuhi. Mumeo anaweza kusema kweli tupu: "Mke wangu alikuona umebeba samaki, na mlifika Tunguu saa nne imeshapita. Hatuwezi kujifanya hatujui." Hakuna siri iliyovunjwa hapo.

Kiasi gani? Usikisie kwa huruma wala kwa kubana. Mwombe mtu wenu anayejua soko aulize pale Darajani mwezi ule pweza walikuwa wakienda kwa bei gani, mkadirie na mzigo wa kigari kile. Msipokuwa nazo zote kwa mara moja, pelekeni mlizo nazo na mseme zilizobaki zitakuja lini. Kisha zije siku hiyo. Shukrani ya ahadi isiyofika ni mbaya kuliko kimya.

Akikataa tena? Mumeo arudie mara ya pili, basi. Mara ya tatu inakuwa ugomvi wa heshima, na mgeni hagombani na mwenyeji barazani kwake. Ikifika hapo ipo njia nyengine, nayo ni kuwa wateja wake. Mna harusi, khitima au futari ya watu wengi, agizeni pweza na samaki kwake, kwa bei ya soko bila kupunguza, na mlipe kabla mzigo haujaondoka Kizimkazi. Pesa ya mkononi kabla ya mzigo ni msaada mkubwa kwa mtu anayefanya kazi ya mali kauli, na hakuna anayeweza kuikataa kwa sababu ni biashara halali. Lakini hii ni njia ya pili. Ya kwanza ni ile ya kuwafikishia wale kina mama haki yao moja kwa moja, msiikimbie kwa sababu ni ngumu kuisema.

Neno moja kwenu nyote wawili: baada ya hapo hamtaulizana tena nani anamdai nani. Huenda siku moja yule bwana, au ndugu yake, atakuja kuomba jambo. Mkiliweza, mfanyieni kama jirani. Msipoliweza, semeni hatuwezi, bila kuogopa kuitwa wasio na fadhila. Aliyekuvuta mtaroni hakununua maisha yako yote, na huyu kwa alivyo hata hafikirii hivyo. Nayasema kwa sababu napata barua nyingi za watu wanaobebeshwa wema wa jana mpaka wakatoa wasichonacho. Sura Al-Baqara, aya ya 264, imekataza sadaka kuharibiwa kwa masimango na maudhi, na wewe usije ukajisimanga mwenyewe.

Kuhusu gari, kwa ufupi tu. Kama bima yako ni ndogo, haitakulipa redieta wala tairi. Hiyo ni ya kulipa madhara uliyomfanyia mwengine. Kama ni kubwa, watakutaka ripoti ya polisi. Weka ndani ya gari kamba nzuri ya kuvutia, tairi la akiba lililojazwa upepo, na pembetatu ya kuakisi mwanga. Na yale matawi, nimeyapenda, ni akili ya siku zote ya barabara zetu, ila mtu akishaondoka ayaondoe. Yakibaki barabarani usiku, mwenye pikipiki anayagonga.

Na kima, umefanya vyema kutowapita juu. Hao ni kima punju, nje ya visiwa hivi porini hawapo popote duniani, na matuta ya Jozani yaliwekwa kwa ajili yao. Lakini wao hawajui matuta yanaanzia wapi. Ukishatoka Kitogani punguza mwendo mapema, hasa alfajiri na lami ikiwa imelowa, hata kama utachelewa kazini.

Kabla hamjapanga siku ya kwenda, mpigie mama Makunduchi umuulize bamvua ni lini. Siku hizo wenyeji wenu watakuwa pwani na kwenye mizani, hamtawakuta nyumbani, na mkiwakuta mtawapotezea kazi. Nendeni maji mafu, siku ambazo bahari haitoki mbali.

Shangazi